Logi Haidanganyi

Siku Anti alipofutwa kazi, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika rimoti ya projekta.

Naanzia hapo kwa sababu kila nikijaribu kuisimulia hii stori kwa njia nyingine, najikuta natafuta mahali pa kujificha. Tulikuwa watu wanne kwenye chumba cha mikutano, ghorofa ya nne, jengo fulani Westlands: bosi, mama wa rasilimali watu, Anti na mimi. Ukutani kulikuwa na grafu niliyoichora mwenyewe. Mstari mwekundu ulipanda kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ukakaa juu kama saa moja hivi, kisha ukashuka. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa ndani ya zamu ya Anti. Bosi alimwangalia, akamwambia bila hata hasira, "Logi haidanganyi."

Anti alikuwa amekuja na daftari lake. Lilikuwa kaunta buku la kawaida, lile la karatasi mia mbili, na ndani alikuwa ameandika kila kitu alichofanya kila usiku kwa miaka mitatu. Alilifungua mezani. Saa kumi kamili, nimeanzisha ripoti ya mikopo. Saa kumi na moja na nusu, ripoti zote zimeisha, nimezituma. Saa kumi na mbili, chai. Bosi alitupa jicho ukurasa mmoja, akalifunga daftari taratibu, akamrudishia. "Anti, kwa daftari mtu anaweza kuandika chochote."

Nikanyamaza. Nilikuwa na grafu.

Wacha nieleze vizuri tulichokuwa tunafanya pale, maana bila hivyo utadhani ni stori ya bosi mbaya, na si hivyo. Kampuni ilikuwa inatunza mifumo ya kompyuta ya sacco kadhaa. Akiba za watu, mikopo, hisa, hayo yote yalikaa kwenye hifadhidata moja kubwa. Usiku Anti alifunga siku: anaendesha ripoti, anahakikisha hesabu zimelingana, anazituma kwa mameneja kabla hawajaamka. Zamu yake ilianza saa tatu usiku, ikaisha saa moja asubuhi. Jina la vyeti analo, lakini ofisi nzima, mpaka bosi, tulimwita Anti, ingawa hakuwa hata na miaka arobaini na tano. Ni yeye aliyenionyesha kettle iko wapi siku yangu ya kwanza, na akanipa ushauri wa bure: "Kijana, hapa ukifanya kitu, kiandike."

Mimi nilikuwa kijana wa mkataba wa miezi sita. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu. Mambo ya hifadhidata nilijifundisha kwa laptopu ya kuazima na bando za usiku.

Hifadhidata tuliyotumia inaitwa MySQL, na inatumika kote duniani. Ndani yake kuna kitu ambacho unaweza kukiita daftari la lawama. Kila programu inapotaka kitu kutoka kwenye hifadhidata inatuma ulizo: nipe salio la mwanachama huyu, nijumlishie mikopo ya tawi lile. Mengi yanajibiwa kabla hujapepesa jicho. Lakini kuna yale yanayokokota, na ukiwasha logi ya maulizo ya polepole, kila ulizo linalopita muda uliowekwa linaandikwa humo. Usipobadilisha chochote, muda huo ni sekunde 10. Logi inaandika ulizo lenyewe, saa ya tukio, lilichukua sekunde ngapi, lilisubiri kufuli kwa sekunde ngapi, na lilipekua safu ngapi za data. Mfumo ukianza kukwama, hapo ndipo unapokwenda kutafuta mchawi.

Na mfumo wetu ulikuwa unakwama. Malalamiko ya makarani wa sacco yalisema "asubuhi" tu. Bosi akaniambia nisome logi, nichore grafu, nimwambie ni nani.

Nilipoifungua logi mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kulikuwa na mistari kadhaa iliyosema ulizo limechukua sekunde 18446744073709. Nilipiga hesabu kwenye simu. Ni zaidi ya miaka 584,000. Yaani karani wa sacco aliuliza salio la mtu enzi za wale waliokuwa wakichonga mashoka ya mawe kule Olorgesailie, kabla binadamu wa aina yetu hajatokea, na jibu lake limefika leo.

Hii namba ina historia yake, na watu waliofanya kazi na matoleo ya zamani ya MySQL wanaijua. Inatokea hivi. Ulizo linaanza, kompyuta inaandika saa ya kuanza. Katikati, saa ya seva inasahihishwa, kwa sababu seva huulizana saa kupitia mtandao, na iliyokimbia mbele hurudishwa nyuma. Ulizo linaisha. Sasa saa ya kumaliza iko nyuma ya saa ya kuanza. Kompyuta inatoa ile kwa hii, inapata jibu hasi, lakini kisanduku ilichotengewa kuweka jibu hakijui namba hasi. Fikiria mita ya kilomita ya pikipiki ya zamani. Ikiwa kwenye 000000 na uizungushe nyuma hatua moja, haiandiki hasi moja. Inaandika 999999. Kwenye kompyuta kisanduku ni kikubwa zaidi, kwa hiyo ukirudi nyuma hatua moja unatua kwenye namba kubwa kuliko zote zinazoenea humo. Ndiyo ile.

Dawa yake ya kweli inafundisha kitu. Ndani ya kompyuta kuna saa mbili. Kuna ile ya ukutani, inayokubaliana na dunia kwamba sasa ni saa fulani ya tarehe fulani, na inaweza kurekebishwa wakati wowote. Halafu kuna nyingine ambayo haijui leo ni Jumatatu au Ijumaa. Inahesabu tu, mbele, tangu kompyuta ilipowashwa, na hairudi nyuma hata kidogo. Ukitaka kujua jambo limetokea lini, uliza ya kwanza. Ukitaka kujua limechukua muda gani, tumia ya pili. Ile namba ya kuchekesha ilizaliwa kwa sababu mtu alitumia saa ya kukubaliana kufanya kazi ya kupima.

Bosi hakutaka somo. Ripoti ilikuwa inaenda kwa mteja. "Safisha hizo namba," akasema.

Jioni ile nilikaa nazo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kusafisha kuna njia tatu. Unaweza kufuta mstari mzima, kana kwamba ulizo halikuwahi kuulizwa. Unaweza kuweka namba ya kukisia mahali pake, tuseme wastani wa maulizo mengine yanayofanana nalo. Au unaweza kuuacha mstari ulivyo, ukaandika kando kwamba muda huu si wa kweli, na kwa nini.

Wengi tukisikia tunachukulia kwamba tofauti ya hizi njia ni ya kiufundi. Sidhani. Ya kwanza inasema jambo halikutokea. Ya pili inasema jambo lilitokea hivi, wakati hujui. Ya tatu inasema jambo lilitokea, na hatujui lilichukua muda gani. Ya tatu peke yake ndiyo kweli, na ndiyo inayokuabisha mbele ya mteja.

Najua utaniuliza, kaka, si ni logi tu? Si Biblia wala Korani. Ni chombo cha kazi, na mtu akitaka kujua mfumo unakokota wapi, mstari wa miaka 584,000 unamharibia wastani wote. Ni kweli. Kwenye hesabu uuweke kando, hilo sina ugomvi nalo. Kuweka kando kwenye hesabu na kufuta kwenye rekodi ni vitu viwili, kama vile daktari anavyoweza kupuuza kipimo kimoja bila kukichana kutoka kwenye faili.

Kwa hiyo nilifanya njia ya tatu. Nikaandika maelezo, nikajisikia mtu wa maadili kweli kweli. Nilienda nyumbani Kahawa West na kiburi changu kwenye matatu.

Halafu kesho yake nikachora ile grafu.

Seva yetu ilikuwa imekodiwa ng'ambo. Logi yake ilikuwa inaandika saa ya UTC, ile saa ya dunia nzima isiyo ya mtu. Hilo nalo si siri. Tangu toleo la 5.7.2, MySQL ina mpangilio maalumu wa kuchagua logi iandike saa gani, na usipouchagua, inaandika UTC. Nairobi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Kwa hiyo logi ikiandika 06:00, simu yako mfukoni inasema 9:00, na mama yako kijijini anasema saa tatu asubuhi. Mimi niliona 06:00 nikasoma saa kumi na mbili. Nikachora. Nikaweka mstari mwekundu juu ya zamu ya Anti.

Na ulizo lenyewe lilimfaa sana. Lilikuwa lile la kujumlisha mikopo yote ya matawi yote, ambalo lilikuwa ndani ya ripoti yake. Programu zetu zote ziliingia kwenye hifadhidata kwa jina moja, kwa hiyo logi haikuweza kusema ni mkono wa nani. Bosi naye alikuwa na nadharia: ripoti za Anti zinaanza kuchelewa, zinaisha saa moja, zinaacha mfumo umechoka mpaka makarani wanafungua kaunta. Ilionekana ina akili. Kila kitu kilionekana kina akili, na mimi nikashika rimoti.

Tangu siku hiyo nimefikiria sana kuhusu hizi namba mbili. Ile ya miaka 584,000 ilikuwa kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuona, na haikumdhuru mtu. Ilipiga kelele yenyewe. Mtoto wa darasa la sita angeiona akasema hapana. Hii ya pili ilikuwa kosa la saa tatu tu, ilikuwa na sura ya kweli, imevaa nguo za kazini, na ndiyo iliyomtoa mtu kazini. Nilimaliza alasiri nzima nikipambana na kosa la kuchekesha, nikajipa na cheti cha uadilifu. Lile lililofanana na kweli sikulitazama mara mbili.

Anti aliondoka siku ya Ijumaa. Alibeba kikombe chake na daftari.

Wiki mbili baadaye nilifungua logi nikaona bado saa kumi na mbili inakokota.

Nilikaa pale nikiangalia skrini. Zamu ya usiku ilikuwa na kijana mwingine, na bosi alikuwa amemwambia ripoti zote ziishe kabla ya saa kumi. Saa kumi na mbili hakuna mtu aliyekuwa anagusa chochote. Niliiuliza seva swali ambalo ningeliuliza siku ya kwanza: sasa ni saa ngapi? Ikajibu 06:04. Simu yangu ilisema 9:04. Makarani walikuwa wamefungua kaunta. Na ofisini kwake, nyuma ya kioo, bosi alikuwa amefungua dashibodi yake, ile ya kuangalia mikopo ya matawi yote kwa rangi za kijani na nyekundu. Ilikuwa inajisasisha kila sekunde 30. Kila ilipojisasisha ilituma lile lile ulizo la kujumlisha, kabla lile la kwanza halijaisha, na yakarundikana juu ya maulizo ya makarani kama matatu kwenye mzunguko wa Globe.

Dashibodi hiyo niliiandika mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza pale, na nilisifiwa.

Sasa hapa ndipo swali lenyewe lilipo, lile ambalo sikulipata kwenye kitabu chochote cha hifadhidata. Nililirekebisha kosa. Nikaongeza saa tatu kwenye programu yangu ya kuchora, nikapanga dashibodi ijisasishe kila dakika kumi, nikaiandikia jedwali la muhtasari ili isijumlishe upya kila mara. Mfumo ukatulia siku hiyo hiyo. Makarani wakapiga simu kushukuru. Bosi akanishika bega, mkataba wangu ukaongezwa mwaka mzima. Logi ilikuwa sahihi sasa, grafu ilikuwa sahihi, kila thamani ya muda ilikuwa mahali pake.

Na sikusema lolote kuhusu Anti. Je, nilikuwa nimerekebisha kosa?

Kuna kisa kimoja huwa nakirudia kichwani. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud lilipiga kambi ya wanajeshi wa Marekani kule Dhahran, Saudi Arabia, likaua watu 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa pale kuwalinda haukulirushia chochote. Uchunguzi ulipofanywa, tatizo lilikuwa saa. Mtambo ulihesabu muda kwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namba za kompyuta, kama vile theluthi haiandikiki kikamilifu kwa desimali. Kila hesabu ilipoteza chembe. Mtambo ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na chembe zikawa kama sekunde 0.34. Kwa kasi ya Scud, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo uliangalia angani mahali ambapo kombora halikuwa.

Kinachonikosesha usingizi si hesabu. Kosa lilikuwa limeshajulikana. Waisraeli walikuwa wameona kwamba mtambo ukikaa muda mrefu bila kuzimwa unapoteza shabaha, wakasema. Programu mpya ilikuwa imeshaandikwa. Watumiaji walikuwa wametumiwa onyo kwamba kuuwasha kwa muda mrefu sana kuna shida, lakini onyo halikusema muda mrefu ni saa ngapi. Na programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya watu kufa. Ilikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo marekebisho nayo yana saa yake. Hilo ndilo nililojifunza na ndilo ninalotaka kusema. Thamani ya muda ikiwa mbovu, tunadhani deni letu ni kwa ile namba. Tunaibadilisha, inakaa vizuri, tunalala. Lakini namba haikuumia. Kabla hujaigundua ilikuwa imeshatembea, imeshaingia kwenye grafu, imeshakaa ukutani mbele ya watu wanne, imeshaandikwa kwenye barua ya mtu. Ukiirekebisha pale ilipoanzia tu, umesafisha nyumba yako mwenyewe. Deni ni kuifuata mpaka ilikofika, na kufika huko kabla haijawa historia.

Mtu anaweza kunipinga, na nimejipinga mwenyewe usiku mwingi. Nilikuwa mtu mdogo pale. Si mimi niliyeandika barua ya kumfuta. Kosa lilikuwa la bahati mbaya, sikukusudia. Yote ni kweli. Lakini kutokusudia kunanisaidia kwa zile wiki mbili za kwanza tu. Kuanzia asubuhi ile ya 9:04 nilijua, na kila siku niliyonyamaza baada ya hapo ilikuwa ya kukusudia. Ikafika miezi mitano.

Na mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyepaswa kujua. Nilisema niliacha chuo. Watu huuliza kwa nini, huwa nasema karo, na karo ilikuwepo. Lakini kabla ya karo kulikuwa na alama zilizopotea. Kama umesoma chuo cha umma hapa Kenya huhitaji maelezo. Nilifanya mtihani wa somo moja mwaka wa pili, nilitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, namkumbuka hata aliyekaa mbele yangu akiwa na kikohozi. Matokeo yalipotoka, kwenye somo lile kulikuwa na kistari. Nilienda idarani, nikatumwa kitivoni, nikarudishwa idarani, nikaambiwa nimtafute mwalimu aliyekuwa ameshahama. Kila mtu alikuwa mpole. Kila mtu aligeuza skrini ya kompyuta nione mwenyewe. Mfumo unasema hukufanya. Mpaka leo unasema hivyo.

Kwa hiyo nilijua vizuri jinsi inavyokuwa kusimama mbele ya mtu ukiwa na mwili wako wote na kumbukumbu yako yote, na akaiamini skrini. Halafu siku moja nikawa mimi ndiye mwenye skrini, mwanamke akafungua daftari lake mezani, na sikumwambia bosi hata, "Ngoja tulinganishe." Kulinganisha kungechukua dakika tano. Daftari lilisema chai, logi ilisema moto, na saa moja haiwezi kuwa na vyote viwili. Tulichukulia kwamba rekodi ya mashine ni ushahidi na rekodi ya mkono ni maneno. Kumbe zote mbili ni watu wakiandika saa. Mmoja aliandika kwa kalamu, wengine waliandika programu zamani na kuchagua kwamba saa itakuwa UTC. Hata hizo saa tatu zetu ni makubaliano tu. Kuna kipindi cha ukoloni ambapo saa ya Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45.

Ukisoma maelekezo ya MySQL utaona hata wenyewe wamekuwa wakibishana na hili. Mpaka toleo la 8.0.13, muhuri wa saa uliotangulia ulizo kwenye logi ulikuwa wa wakati lilipoandikwa, yaani baada ya kumalizika. Kuanzia 8.0.14 ni wa wakati lilipoanza. Ulizo la dakika arobaini lingehama kutoka saa nne kasorobo kwenda saa tatu na dakika tano, na hakuna aliyedanganya. Na muda ambao ulizo linasubiri kupata kufuli zake za mwanzo hauhesabiwi kama muda wa kazi. Ukiwahi kukaa foleni Huduma Centre tangu alfajiri kisha ukahudumiwa kwa dakika tatu, unajua maana yake. Rekodi itasema dakika tatu. Si uongo. Ni jibu la swali ambalo si lako.

Ndiyo maana sasa nikisikia mtu anasema logi haidanganyi, nakubali, halafu nauliza: inasema saa ya wapi, ya mwanzo au ya mwisho, na nani alikuwa hapo? Logi haidanganyi kwa sababu haijui kusema. Anayesema ni mwenye rimoti.

Nilimtafuta Anti mwezi wa tano. Alikuwa amefungua kibanda cha M-Pesa na vifaa vya simu Githurai, karibu na stage. Nilinunua salio ambalo sikulihitaji, kisha nikamwambia yote, nimesimama, huku watu wakipita na magunia. Saa tatu za tofauti, dashibodi, wiki mbili, miezi mitano. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa pia, naona aibu kusema, kwa kusamehewa.

Hakutoa lolote kati ya hayo mawili. Aliniuliza, "Wao umewaambia?"

"Bado, Anti."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi nilijua tangu siku ile. Mimi ndiye nilikuwa nakunywa hiyo chai." Akahudumia mteja, akahesabu noti, akarudi kwangu. "Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

"Ukifanya kitu, kiandike."

"Basi."

Niliandika usiku ule. Barua pepe moja kwa bosi na kwa rasilimali watu, nakala kwa Anti. Sikuweka hisia nyingi. Niliweka jedwali: saa kama logi ilivyoandika, saa ya Nairobi, na mstari wa daftari lake wa siku hiyo, ambao alinipigia picha akanitumia. Siku kumi na nne, mstari kwa mstari. Niliandika kwamba grafu ilikuwa yangu, dashibodi ilikuwa yangu, na kwamba nilijua tangu asubuhi gani. Nilijua pia kwamba mkataba ule hautaongezwa tena, na haukuongezwa. Ndiyo sababu sasa naandika makala.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Sentensi mbili: wamepokea, na barua ya Anti ya kuacha kazi itabadilishwa isiseme uzembe. Kazi hakurudishiwa. Nafasi ilikuwa imeshajazwa, na yeye mwenyewe aliniambia asingerudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini barua aliichukua.

Mara ya mwisho nilipopita Githurai alinionyesha. Alikuwa amechapisha jedwali langu kwa cyber ya jirani, akalibandika kwenye ukurasa wa mwisho wa lile kaunta buku. Kando ya kila 06:00, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wake uliolala, alikuwa ameandika: saa tatu. Saa tatu. Saa tatu. Mara kumi na nne, mpaka chini.